Kitasa cha Mlango wa Vioo Viwili Kikianza Kuwa Kigumu, Toa Taarifa Kabla Hakijagoma

Malalamiko kuhusu milango na madirisha yasiyofungika yameongezeka katika kitengo chetu cha ukaguzi wa nyumba tangu tarehe 27 Oktoba 2025, siku Sheria ya Awaab ilipoanza kutumika kwa nyumba za halmashauri na za vyama vya makazi hapa England. Sheria hiyo ina jina la Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili aliyefariki mjini Rochdale mwaka 2020 kutokana na ukungu ndani ya nyumba, na wengi wanaijua kwa habari za unyevu na ukungu peke yake. Mwongozo wake, hata hivyo, unataja pia mlango au dirisha bovu linalohatarisha usalama kuwa miongoni mwa dharura ambazo mwenye nyumba anapaswa kuzichunguza na kuziondolea hatari ndani ya saa 24. Kwa hiyo ongezeko la malalamiko halinisumbui hata kidogo. Linalonisumbua ni kwamba familia nyingi zinazozungumza Kiswahili hutufikia kitasa kikiwa kimeshakufa, wakati kilitoa dalili miezi kadhaa kabla.

Mlango wa plastiki au aluminiamu wenye vioo viwili haufungwi mahali pamoja kama mlango wa mbao. Ubavuni mwake umepita ukanda wa chuma wenye ndoano na komeo katika sehemu kadhaa, kuanzia chini hadi juu, na katikati ya ukanda huo, nyuma ya mkono wa kufungulia mlango, kuna kisanduku cha gia. Unapoinua mkono, gia husukuma ukanda na ndoano zote huingia kwa pamoja katika vibati vilivyofungwa kwenye fremu. Ufunguo huja mwisho, kuuzuia mkono usirudi. Mkono ukianza kuwa mzito, maana yake kuna kitu katika safari hiyo kinakwaruzana, na nguvu yote unayoongeza kwa kiganja inaishia kwenye gia ile ndogo. Ndiyo inayovunjika. Naomba hili lieleweke: kuulazimisha mkono mzito ndiko kunakogeuza kazi ya kurekebisha bawaba kuwa kazi ya kubadilisha kitasa kizima, tena mara nyingine mlango ukiwa umejifunga na watu wako ndani.

Kabla ya kumwita mtu yeyote, fungua mlango wazi kabisa, uinue mkono mlango ukiwa hewani, na utazame ubavuni. Ndoano zikitoka na kurudi kwa wepesi, ilhali mlango ukifungwa mkono unakuwa mzito, kitasa chako ni kizima na mlango ndio ulioshuka au kupinda, hivyo ndoano hazilingani tena na vibati vyake. Bawaba za milango mingi ya aina hii zina skrubu za kurekebishia zinazozungushwa kwa alenki, ufunguo mdogo wa pembe sita, na fundi anayejua kazi yake huuinua au kuusogeza mlango kwa milimita chache tu ukarudi mahali pake. Wakati mwingine tatizo liko kwenye vipande vya plastiki vinavyokibana kioo ndani ya mlango. Vikilegea, uzito wa kioo huuvuta mlango chini upande wa kitasa, na hapo vipande hivyo hupangwa upya bila kununua kitu. Wakati wa kiangazi, mlango wa rangi nyeusi unaotazama kusini unaweza kugoma saa tisa alasiri na kufunguka vizuri saa tatu usiku, kwa sababu plastiki imetanuka kwa joto. Mweleze fundi saa ambayo tatizo hutokea, kwa maana akija asubuhi ya baridi hataliona.

Mkono ukiwa mzito hata mlango ukiwa wazi, tatizo ni la kitasa chenyewe: grisi imekauka, au gia imeanza kulika. Mkono unaoning'inia bila kurudi ulalo una springi iliyochoka, na mara nyingi springi hiyo imo ndani ya mkono, kwa hiyo kinachobadilishwa ni mkono peke yake. Mkono unaozunguka bure bila kusukuma chochote umeachana na gia. Ufunguo ukikataa kugeuka wakati mkono unainuka vizuri, tazama silinda, yaani kipande cha kitasa ambamo ufunguo huingizwa.

Nilikagua nyumba moja ambayo mkono wa mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa mpira wa nywele ili usining'inie, na mama mpangaji alikuwa ameishi hivyo majira yote ya baridi kwa kudhani kwamba mlango mzima ungebadilishwa na yeye angetozwa. Skrubu mbili zilifunguliwa, mkono mpya ukawekwa, kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Kwenye chumba cha watoto ghorofani, hata hivyo, tulikuta jambo zito zaidi: dirisha ambalo mkono wake ulivunjika lilikuwa limepigiliwa skrubu hadi kwenye fremu ili lisifunguke. Dirisha la chumba cha kulala ghorofani mara nyingi ndilo njia ya kutokea moto ukishika ngazi, na kanuni za ujenzi hutaka dirisha la aina hiyo liwe na uwazi usiopungua mita ya mraba 0.33, kwa upana na urefu usiopungua milimita 450. Ukihofia mtoto kuanguka, kuna vizuizi maalumu vinavyoliruhusu dirisha kufunguka kidogo na ambavyo mtu mzima anaweza kuvifungua mara moja. Skrubu hapana.

Kwenye madirisha, yanayoharibika sana ni mawili: mkono, na vyuma vya pembeni vinavyolishikilia dirisha likiwa wazi, ambavyo vikilegea huliacha dirisha likae upande na kona moja isibane. Anayetaka kununua mkono wa dirisha apime urefu wa kijiti cha mraba kinachoingia ndani ya fremu, kwani upana wake kwa kawaida ni milimita 7 lakini urefu hutofautiana. Kwa mkono wa mlango, kipimo muhimu ni umbali kutoka katikati ya kijiti cha mraba hadi katikati ya tundu la ufunguo, ambao mara nyingi ni milimita 92, kisha umbali kati ya skrubu ya juu na ya chini. Kuchagua kwa kutazama picha peke yake ndiyo sababu ya watu kurudisha vitu dukani.

Silinda nayo hupimwa kuanzia katikati ya tundu la skrubu inayoishikilia hadi kila ncha, nje na ndani, kwa kuwa pande hizo mbili zinaweza kutofautiana. 35 kwa 45 si sawa na 40 kwa 40, ingawa jumla ni moja. Silinda isitokeze nje ya bamba la mkono kwa zaidi ya milimita 3, maana kile kinachotokeza ndicho wezi wanachokishika na kukivunja, na huu ni wizi uliozoeleka sana katika nchi hii. Ukibadilisha, chagua silinda yenye nyota tatu za TS 007, kiwango cha usalama wa silinda na mikono ya milango, au silinda ya nyota moja pamoja na mkono wa nyota mbili. Na tafadhali, mafuta ya kupikia yasiingizwe kwenye kitasa. Hushika vumbi na kugandamana, na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Tumia mafuta mepesi ya vitasa kwenye ndoano na gia, na unga wa grafiti kwenye tundu la ufunguo.

Sasa nije kwenye swali ninaloulizwa kila siku, la nani analipa. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 1985 kinamtaka mwenye nyumba atunze muundo na sehemu za nje za nyumba katika upangaji wa chini ya miaka 7, na milango ya nje na madirisha, pamoja na vitasa vyake, huhesabiwa humo. Makubaliano ya upangaji yanayosema kinyume hayawezi kukiondoa kifungu hicho. Mpangaji hulipia alichokiharibu mwenyewe au mgeni wake, pamoja na ufunguo alioupoteza, na hapo pia Sheria ya Ada za Wapangaji ya 2019 inataka gharama iwe ya kweli na yenye ushahidi. Kama mlango umevunjwa na wezi, ripoti polisi kwa namba 101, au 999 ikiwa bado wapo, kisha uombe namba ya kumbukumbu ya tukio, kwa kuwa wenye nyumba wengi huitaka kabla ya kukubali kwamba uharibifu si wako.

Wajibu wa mwenye nyumba huanza pale anapojulishwa. Kumwambia mlinzi wa jengo mkipishana kwenye ngazi hakutoshi. Andika barua pepe au ujumbe kupitia mfumo wa matengenezo, ukitaja tarehe tatizo lilipoanza, mlango au dirisha gani, kama linafungika kwa ufunguo au halifungiki, kama ni la ghorofa ya chini, na kama ndani kuna mtoto, mzee au mgonjwa. Ambatisha picha na utunze namba ya kumbukumbu utakayopewa. Mwenye nyumba ana haki ya kuingia kukagua kwa taarifa ya maandishi ya saa 24, na ukimnyima nafasi hiyo, kesi yako inadhoofika.

Kwa wapangaji wa kudumu wa halmashauri upo pia utaratibu wa Haki ya Matengenezo wa mwaka 1994, ambao watu wachache sana huutumia. Mlango wa nje, dirisha la nje au kitasa kisicho salama ni miongoni mwa matengenezo yanayotakiwa kukamilika ndani ya siku moja ya kazi, mradi gharama isizidi £250. Muda ukipita, unaiomba halmashauri impe kazi mkandarasi wa pili. Naye akichelewa, unastahili fidia ya £10, na £2 kwa kila siku inayoongezeka, hadi £50. Fedha hizo ni kidogo, lakini ombi lenyewe linaacha kumbukumbu rasmi. Malalamiko ya kawaida kwa halmashauri au chama cha makazi hupokelewa rasmi ndani ya siku 5 za kazi, hujibiwa katika hatua ya kwanza ndani ya siku 10 za kazi baada ya hapo, na katika hatua ya pili ndani ya siku 20 za kazi. Usiporidhika, unaweza kwenda kwa Mchunguzi wa Malalamiko ya Nyumba bila malipo.

Mpangaji wa mwenye nyumba binafsi huja kwetu, kwenye halmashauri ya eneo lake. Chini ya Sheria ya Nyumba ya 2004 tunakagua hatari za aina 29, na mojawapo ni urahisi wa watu wabaya kuingia ndani. Tukiona hatari ni kubwa, tunalazimika kuchukua hatua, na hatua ya kawaida ni hati ya kumwamuru mwenye nyumba atengeneze kwa muda uliowekwa. Akiipuuza bila sababu ya msingi ametenda kosa la jinai: anaweza kushtakiwa na kutozwa faini isiyo na ukomo, au halmashauri imtoze yenyewe adhabu ya fedha ambayo kwa miaka mingi ukomo wake ulikuwa £30,000, na ambao Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imeupandisha. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Kuanzia tarehe 1 Mei 2026 mwenye nyumba binafsi hawezi tena kumtoa mpangaji kwa kutumia kifungu cha 21, yaani bila kutaja sababu, na kulalamikia kitasa si sababu inayotambuliwa na sheria. Kuacha kulipa kodi ni sababu. Kwa hiyo msizuie kodi ili kumshinikiza mwenye nyumba. Ushauri huo unaosambaa katika vikundi vya simu umewapeleka watu mahakamani wakiwa upande usio sahihi.

Wanaoishi kwenye magorofa wasiguse kitasa cha mlango mkuu wa flati yao bila idhini. Mlango huo kwa kawaida ni wa kuzuia moto, na silinda au bamba lisilofaa linaweza kuuharibia kazi hiyo. Kitasa chake kinapaswa kufunguka kutoka ndani bila kutafuta ufunguo, na ndiyo maana silinda zenye kitufe cha kuzungusha upande wa ndani ndizo zinazopendekezwa.

Wanaoishi katika nyumba zao wenyewe wana shida ya namna nyingine. Katika nchi hii kazi ya ufundi wa vitasa haihitaji leseni ya serikali, na matangazo ya bei ndogo ya kuanzia kwenye intaneti yanaweza kuishia katika bili ya mamia ya pauni baada ya fundi kutoboa kitasa ambacho kingefunguliwa bila kutobolewa. Uliza kwa simu bei ya kufika, ya kazi na ya kifaa, uandikiwe ujumbe kabla hajaondoka, na uulize kama ni mwanachama wa Master Locksmiths Association, ambayo huwachunguza wanachama wake. Akitaka kutoboa, akueleze kwanza kwa nini njia nyingine zimeshindikana. Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015 inamtaka afanye kazi kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na kazi isipofikia hapo una haki ya kudai airudie au akupunguzie bei. Yule atakayekuambia kwamba mlango mzima lazima ubadilishwe kwa sababu ya gia, mwombe akuonyeshe ufa au mpindo katika fremu yenyewe. Kubadilisha kitasa, mkono, bawaba au hata kioo kilichoingiwa na mvuke kati ya tabaka zake hakuhitaji kibali cha ujenzi. Kubadilisha mlango wa vioo au dirisha zima kunahitaji, tangu Aprili 2002, cheti cha idara ya udhibiti wa ujenzi au cha fundi aliyesajiliwa katika mpango kama FENSA, na cheti hicho utaulizwa siku utakapouza nyumba. Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria zake, na wakazi wa huko waulize halmashauri zao.