Hamoniki za gimba hazihusu vitu yabisi

Mwaka huu nimesikia mara tatu, kutoka kwa walimu ninaowaheshimu, kwamba kuna "hamoniki za yabisi" (kwa Kiingereza solid harmonics, ambazo mimi naziita hamoniki za gimba), na kwamba zimeitwa hivyo kwa kuwa zinaeleza mitetemo ya atomu ndani ya fuwele za chumvi au almasi. Mitetemo hiyo ipo na ina somo lake, ila hamoniki hizi ni kitu kingine kabisa.

Maana yenyewe ni fupi. Chukua polinomia ya x, y na z, yaani jumla ya sehemu kama x² au xy, ambayo kila sehemu yake ina jumla ya vipeo ileile, tuseme 2. Tafuta derivativu yake ya pili (kasi ya kubadilika, ikitafutwa mara mbili) kuelekea x, kisha kuelekea y, kisha kuelekea z, halafu zijumlishe. Jumla ikiwa sifuri kila mahali, polinomia hiyo imetimiza mlinganyo wa Laplace, nayo ni hamoniki ya gimba. Kila moja ina mwenzake wa nje, anayefifia kadiri unavyokwenda mbali na kitovu badala ya kukua.

Tatizo liko kwenye jina. Neno la Kiingereza "solid" limetoka kwenye Kilatini solidus, kitu kizima, kisicho na uwazi ndani. Wanakemia walichukua ule ugumu, wakapata hali ya maada inayotofautiana na kimiminika na gesi. Wanajometri walichukua ule ujazo, wakapata umbo lenye urefu, upana na kimo, hata likiwa la moshi au la hewa tupu. Kiswahili kilikwisha kutenganisha maana hizi mbili. Yabisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kukauka, nasi bado tunaisikia maana hiyo tukitaja baridi yabisi. Kwa umbo lenye ujazo tuna gimba, na ndiyo maana tunasema magimba ya angani bila kujali kwamba Jua si gumu na Mshtarii ni gesi kwa sehemu kubwa. Anayetafsiri kwa "yabisi" anafuta tofauti ambayo lugha yetu imeitunza vizuri kuliko lugha anayotafsiri kutoka kwake.

Waliolieneza jina hili ni William Thomson wa Glasgow, ambaye baadaye alikuja kuwa Lord Kelvin, na Peter Guthrie Tait wa Edinburgh, katika kitabu chao cha fizikia cha mwaka 1867. Hesabu zenyewe zilikuwa za zamani zaidi, kwa maana wanahisabati Legendre na Laplace walizifanyia kazi nchini Ufaransa katika miaka ya 1780 wakichunguza mvutano wa sayari zisizo duara kamili. Elektroni iligunduliwa mwaka 1897, miaka 30 baada ya kitabu cha Thomson na Tait, kwa hiyo jina hili halikutoka kwenye somo la atomu. Neno "hamoniki" nalo lilitoka kwenye nyuzi za ala za muziki, kwa sababu kwenye duara hesabu hizi hugeuka kuwa yaleyale mawimbi ya saini na kosaini yanayoeleza uzi unaotetema.

Thomson na Tait walikuwa na sababu ya kusema "gimba". Walitaka kuitenga na hamoniki ya uso, yaani kile kinachobaki ukiitazama polinomia yako kwenye uso wa tufe tu, bila kujali umbali kutoka kwenye kitovu. Hapa kuna kosa la pili, na hili nimeliona hata kwa waliosoma sana. Wanasema hamoniki hizo za uso, ambazo huitwa pia hamoniki za tufe na hutegemea pembe mbili tu, hutimiza mlinganyo wa Laplace. Hazitimizi, isipokuwa ile ya kwanza ambayo ni namba isiyobadilika. Ni lazima uzizidishe kwa umbali uliopandishwa kwenye kipeo chake, au uzigawe kwa umbali wenye kipeo kilichozidi kwa 1. Umbali ukiuacha, umebaki na uso usio na gimba.

Tazama polinomia moja, 2z² − x² − y². Derivativu zake za pili ni 4, −2 na −2, na jumla yake ni sifuri. Elekeza z kwenye Mwezi, na hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya nguvu inayoinua bahari. Kwa kuwa z iko katika mraba, upande unaoutazama Mwezi na upande wa nyuma vinapata sawa, na ndiyo maana pwani yetu maji hujaa mara mbili kwa siku. Jua nalo lina polinomia yake ya namna hiyohiyo. Zikilala kwenye mstari mmoja, wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tunapata bamvua. Zikikaa mkao wa pembe mraba tunapata maji mafu.

Sasa izidishe polinomia hiyohiyo kwa sehemu inayofifia mbali na kiini cha atomu, na umepata obitali ya d (obitali ni umbo la wingu la elektroni katika atomu) ambayo wanafunzi huiona ya ajabu, ile yenye pete kiunoni. Ukiigawa kwa umbali wenye kipeo cha 5, inaeleza jinsi unene wa Dunia kwenye ikweta, ambako nusu kipenyo kinazidi kile cha kwenye ncha kwa kilomita 21 hivi, unavyoipindisha njia ya setilaiti.

Polinomia zenye kipeo cha 2 ni sita: x², y², z², xy, yz na zx. Hamoniki ni tano tu, na ndiyo sababu obitali za d ni tano. Ya sita ni x² + y² + z², ambayo derivativu zake zinajumlika kuwa 6. Hiyo ina umbo la tufe, kwa hiyo kimaumbo ni obitali ya s, ile ya mviringo, iliyojificha ndani ya d. Programu za kemia ya kwanta humtaka mtumiaji achague d tano au sita, na 6-31G*, seti ya kale ya fomula za kukadiria obitali, kwa desturi hutumia sita. Watu wawili wakichagua tofauti, nishati zao hazitalingana hata kama molekuli ni ileile, na hapo wengi huanza kutafuta kosa mahali pasipo na kosa.

Basi nawaomba walimu wenzangu: mkifika kwenye neno hili semeni gimba, na mwanafunzi akiuliza ni gimba la kitu gani, mwambieni ni la nafasi yenyewe, ile inayokizunguka kitovu kwa urefu, upana na kimo.