Kakapo si ndege mbovu, na mengine ninayoulizwa Dunga

Kazi yangu ni kuwatembeza watu kwa mashua kwenye mafunjo ya Dunga, hapa Kisumu, na mara nyingine kwa miguu katika msitu wa Kakamega, tukitafuta ndege. Siku hizi swali la kasuku asiyeruka halikosi. Mtu ameona video ya kakapo kwenye simu, amecheka, kisha anatoa hukumu palepale: ndege gani huyo mjinga, ameharibika, ndiyo maana anakwisha. Wiki iliyopita hukumu hiyo ilitolewa na mwalimu, mbele ya darasa zima la watoto waliokuwa wakiandika kila neno daftarini. Nilimjibu kwa heshima, lakini mashua ilikuwa inakaribia ufuo na muda haukutosha. Jibu kamili ni hili.

Dhana: Ndege asiyeruka ni ndege aliyeshindwa.

Kuruka kuna gharama. Kwa ndege wengi warukao, misuli ya kifua peke yake ni kama asilimia 15 hadi 25 ya uzito wa mwili, nayo inataka chakula kila siku, iwe imefanya kazi au haijafanya. Ndege anayeishi mahali ambapo hakuna mnyama wa kumnyatia kutoka chini, na chakula chake kiko ardhini mwaka mzima, akiilisha misuli hiyo ni kama mtu anayefuga punda asiyembebesha mzigo. Anayezaliwa na misuli midogo kidogo anabakiwa na akiba ya kutengeneza mayai, mafuta na miguu yenye nguvu. Huyo ndiye anayeacha watoto wengi. Vizazi vikienda, mbawa zinapungua, na ule mfupa wa kidari uliochongoka ambao hushikilia misuli ya kurukia unakuwa bapa.

Jambo hili limetokea mara nyingi sana, hasa visiwani. Jamii ya kukuziwa imeacha kuruka kisiwa baada ya kisiwa. Huko Aldabra, katika visiwa vya Shelisheli, wapo hadi leo ndege wa jamii hiyo wasioruka, na mwaka 2019 watafiti walieleza walichokiona kwenye mifupa ya kale ya pale. Aldabra ilizama baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita na ndege wake wasioruka wakafa wote. Bahari ilipopungua, ndege wa asili ileile waliruka tena hadi pale, na wao pia wakaacha kuruka. Ubovu haujirudii mara mbili mahali pamoja kwa njia ileile.

Sasa kakapo mwenyewe. Anaishi New Zealand, na ndiye kasuku pekee duniani asiyeruka. Pia ndiye mzito kuliko kasuku wote: dume kubwa huweza kufika kilo 4, wakati kasuku wetu wa kijivu ana takriban nusu kilo. Hutembea usiku, na hutembea mbali. Hupanda miti mirefu kwa mdomo na makucha, akitaka kushuka hufungua mbawa zimsaidie kupunguza kasi na kushika mizani. Msimu wa kuzaana ukifika, dume huchimba kibakuli ardhini, hujaza hewa kifuani, hutoa mlio mzito wa chini unaoweza kusikika kilomita 5. Majike hufuata mlio, huchagua, kisha kila mmoja hulea peke yake. Hawazai kila mwaka. Husubiri miti kama rimu ipate mzao mkubwa wa matunda, jambo linalotokea kila baada ya miaka miwili hadi minne hivi, ili vifaranga wasilale njaa. Huishi miongo mingi. Nionyesheni ubovu uko wapi hapo.

Kilichompata ni hiki. Kabla ya binadamu, New Zealand haikuwa na mnyama wa nchi kavu anyonyeshaye isipokuwa popo. Maadui wa kakapo walikuwa tai na mwewe, wawindaji wa macho. Dhidi ya macho, kakapo ana kinga nzuri: rangi ya kijani yenye madoa kama kuvu la msituni, na tabia ya kutulia tuli bila hata kutikisa unyoya. Wamaori, watu wa kwanza kuishi huko, walipofika, karibu karne ya 13, walikuja na mbwa na panya. Wazungu nao wakaleta paka, panya wengine, na katika miaka ya 1880 wakaleta mnyama mdogo wa jamii ya kicheche ili apunguze sungura waliokuwa wamewaleta wao wenyewe. Hao wote huwinda kwa pua, na kakapo ana harufu kali, tamu. Kiota kiko chini. Mama akienda kutafuta chakula, vifaranga hubaki peke yao gizani.

Na hili lilijulikana mapema. Katika miaka ya 1890, Richard Henry, mlinzi aliyeajiriwa na serikali ya huko, alihamisha mamia ya ndege, kakapo wakiwemo, hadi Resolution Island, kisiwa kisichokuwa na wanyama hao. Ilipofika 1900 wale wa jamii ya kicheche walikuwa wameogelea hadi pale na kuharibu kazi yake yote. Kufikia 1995 kakapo wanaojulikana walibaki 51 tu.

Wakachukuliwa wote wakapelekwa kwenye visiwa vilivyosafishwa, visivyo na paka wala kicheche wala panya. Kila ndege akapewa jina na kifaa kidogo cha kutoa mawimbi mgongoni ili ajulikane aliko. Mwaka 2022 hesabu ilipita 250. Hapa ndipo ninapotaka mwalimu yule asome mara mbili: katika kupanda kutoka 51 hadi 250, hakuna kakapo hata mmoja aliyefundishwa kuruka. Waliondolewa adui, wakazaana.

Sisi wa Ziwa Victoria ndio watu wa mwisho ninaotarajia kusikia hadithi ya ujinga kutoka kwao. Mbuta, samaki mkubwa anayekula wenzake, aliletwa ziwani humu katika miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali na fulu, samaki wadogo wa hapa, wa aina chungu nzima wametoweka au kubaki wachache mno. Sijawahi kumsikia mvuvi wa Dunga akisema fulu walikwisha kwa sababu walikuwa samaki wajinga. Kila mtu hapa anajua ni nani aliletwa na nani aliliwa. Basi tumpe kakapo haki ileile.

Anayepanda mashua yangu hunisikia nikisema: tazama miguu kabla ya rangi. Rangi inakuambia jina la ndege, miguu inakuambia anavyoishi. Yule ndege mwekundu-kahawia anayetembea juu ya majani ya yungiyungi pale Dunga, vidole vyake ni virefu kupita kiasi ili uzito usambae. Mbuni amebaki na vidole viwili tu kila mguu, na ndiyo inayomfikisha kasi ya kilomita 70 kwa saa. Mtu aliyezoea kuangalia miguu haulizi kwa nini ndege fulani haruki, maana jibu tayari analiona.

Halafu wasioruka hawako mbali nasi kama mnavyodhani. Mnandi, wale weusi wanaoanika mbawa juu ya nguzo na mashua zetu, wana ndugu yao katika visiwa vya Galápagos, Bahari ya Pasifiki, ambaye mbawa zake zimebaki kama theluthi ya ukubwa ambao angehitaji kuruka. Anapiga mbizi na kukamata samaki vizuri kabisa. Na bata wa Misri mnaowaona ukingoni mwa ziwa, baada ya kuzaliana hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa pamoja, wakakaa wiki kadhaa bila uwezo wa kuruka mpaka mapya yaote. Ukiwaona wakikimbilia majini badala ya kupaa, waache. Vijana wanaowafukuza wakidhani ni wagonjwa wanawaumiza bure.

Dhana: Kama kakapo haruki, hata kasuku wangu hana haja ya kuruka.

Anayesema hivi huniudhi karibu kama yule wa kwanza, kwa sababu kuna ndege hai anayeumia. Mwili wa kakapo uligeuka kwa muda mrefu sana, mifupa, mafuta, miguu, kila kitu kwa pamoja. Kasuku wa kijivu ana kifua cha ndege anayesafiri kilomita nyingi kutafuta matunda. Ukimkata mbawa kwa makasi anabaki na kifua hichohicho asichoweza kukitumia. Anajirusha, anaanguka kama jiwe, anapasua kidari. Akifungiwa peke yake bila kazi, wengi huanza kujing'oa manyoya.

Msitu wa Kakamega ndio makazi ya kasuku wa kijivu wa porini nchini Kenya, na sasa kumwona pale ni bahati kubwa. Moja ya sababu zilizowamaliza Afrika ni biashara ya kuwanasa wafugwe, na ndiyo maana mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaonaswa porini. Hapa kwetu kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa. Ushauri wangu ni mfupi: usinunue. Pesa hiyo nunua darubini.

Na kwa wanaosema kasuku hukariri tu bila akili: yuko kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex, aliyefundishwa na Irene Pepperberg huko Marekani hadi alipokufa mwaka 2007. Alitaja rangi, maumbo na idadi ya vitu alivyoonyeshwa, vikiwemo vitu ambavyo hakuwahi kuviona.

Dhana: Mbuni huficha kichwa mchangani.

Hafichi. Kiota chake ni shimo la ardhini, naye huinama kugeuza mayai kwa mdomo. Ukiwa mbali unaona mwili bila kichwa. Akiona hatari hukimbia, au hulala chini na shingo imenyooshwa.

Dhana: Ngwini wote ni wa barafuni.

Wapo Afrika Kusini na Namibia, ufukweni, kwenye jua. Wapo Galápagos, karibu na ikweta, mstari huohuo unaopita Maseno.

Dhana: Heroe wa Nakuru huwa waridi kwa sababu ya magadi, na wamekwisha.

Wale mnaowaita flamingo hupata rangi kutoka kwa chakula. Heroe mdogo hula spirulina, viumbe vidogo mno vya majini vyenye rangi, na kinda lake huanguliwa kijivu. Maji ya Nakuru yalipopanda kuanzia karibu 2010, magadi yalizimuliwa, chakula kikapungua, heroe wakahamia Bogoria na kwingine. Ndivyo walivyo, hufuata chakula. Kuzaliana wengi wao huenda Natron, Tanzania, na ziwa hilo likiharibiwa ndipo tutakuwa na sababu ya kulia.

Dhana: Bundi akilia karibu na nyumba, mtu atakufa.

Huku magharibi hili limeua bundi wengi kwa mawe. Bundi analia kuwaambia bundi wenzake eneo lina mwenyewe, na amekuja kwako kwa sababu una panya. Manyoya yake yana kingo laini zinazonyamazisha hewa, ndiyo maana humsikii akija. Akitaga kwenye dari, usimtoe. Vifaranga wa yule bundi mweupe wa kwenye madari huchukua kama miezi miwili kabla ya kuruka. Wakishatoka unaweza kuziba tundu, ingawa mimi ningeliacha wazi.