Kwa nini wimbo wa zawadi ya harusi unasikika kama wa msiba?

Mwaka 1988 Robert Smith, mwimbaji na mtunzi wa bendi ya Kiingereza The Cure, alikuwa akijiandaa kumwoa Mary Poole na hakujua ampe zawadi gani. Baadaye aliwasimulia waandishi kwamba aliishia kumtungia wimbo, kitu kisicho na gharama, ingawa alihisi bibi harusi angependelea almasi. Wimbo huo, "Lovesong", ulitoka kwenye albamu ya Disintegration mwezi Mei 1989. Kabla mwaka haujaisha ulikuwa umepanda hadi nafasi ya pili kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Marekani, mahali ambapo hakuna wimbo mwingine wa bendi hiyo uliowahi kufika.

Ukiusikiliza bila kuambiwa habari hizi, utaapa ni wa mtu aliyefiwa au aliyeachwa. Gitaa la besi linatembea kwa uzito, kinanda kinaitikia kwa ubaridi, na Smith anaimba chini chini kama anayeongea na nafsi yake usiku wa manane. Sisi tuliozoea harusi za vigelegele na taarabu ya kutunzwa tunabaki tukijiuliza: mtu anayefurahia ndoa yake, huzuni hii yote ameitoa wapi?

Wengi hujibu haraka kwamba The Cure ni bendi ya roki ya kigothi, na kwa watu hao kila kitu ni kiza. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, ila halitufikishi mbali. Roki ya kigothi ilizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, vumbi la punk, roki ya kelele na uasi, lilipoanza kutulia. Bauhaus, vijana wa mji wa Northampton, walitoa mwaka 1979 wimbo wa zaidi ya dakika tisa kuhusu mwigizaji wa filamu za Dracula. Siouxsie and the Banshees walikuwa na mtindo wao, na kwa nyakati tofauti Smith mwenyewe aliwapigia gitaa. Mwaka 1982 klabu ya Batcave ilifunguliwa mtaa wa Soho, London, ikawa kijiwe cha vijana wa nguo nyeusi, wanja mzito na nywele zilizotimuliwa. The Cure, waliotokea mji wa Crawley kusini mwa London, walikuwa wameshatoa albamu tatu zilizozidiana kiza: Seventeen Seconds mwaka 1980, Faith mwaka 1981 na Pornography mwaka 1982. Smith amekuwa akilikataa jina la ugothi miaka yote, lakini kwa albamu tatu za namna ile, na kwa rangi yake ya mdomo iliyovuka mipaka, mashabiki hawajawahi kumsikiliza katika hilo.

Bendi hiyo hiyo, hata hivyo, ilijua kuimba furaha ilipotaka. Katikati ya miaka ya 1980 walitoa nyimbo nyepesi za kuchezeka, na mwaka 1987 wakatoa "Just Like Heaven", wimbo uliochangamka kuliko karibu chochote walichokuwa wamefanya. Nao ulimhusu Mary. Smith amesema chanzo chake ni safari yao ya Beachy Head, majabali meupe ya pwani ya kusini mwa Uingereza, na Mary mwenyewe anaonekana kwenye video akicheza naye. Kwa hiyo mwaka 1988 Smith angeweza kabisa kumpa mkewe wimbo wa kuruka majoka. Alichagua mwingine, na uchaguzi huo ndio unaonivutia.

Tuanze na Mary. Walikutana shuleni Crawley wakiwa vijana wadogo wa miaka kama 14. Smith alipoanza kujulikana walikuwa tayari pamoja, na walipofunga ndoa tarehe 13 Agosti 1988, kwenye abasia ya watawa Wabenedikto ya Worth huko Sussex, walikuwa wamependana nusu ya umri wao. Katika miaka hiyo yote mmoja wao alikuwa mtu wa kuondoka. Ziara baada ya ziara, studio baada ya studio, hoteli baada ya hoteli. Mwanamke anayeolewa na mwanamuziki wa aina hiyo hahitaji kuambiwa kwamba anapendwa akiwa pale mbele. Hilo analiona mwenyewe. Anachohitaji kusikia ni kitakachotokea mwenzake akiwa hayupo.

Maneno ya "Lovesong" yanajibu hilo hasa. Beti zake ni fupi, karibu za kitoto kwa wepesi. Katika kila ubeti mwanamume anamwambia mpenzi wake kwamba wakiwa wawili tu anajisikia amerudi: amerudi nyumbani, amekuwa mzima, amekuwa kijana, amekuwa huru, amekuwa safi. Hakuna sifa hata moja ya sura ya mwanamke, wala macho, wala mwendo. Anachoeleza ni hali yake mwenyewe, na kwa kuieleza anakiri kwamba akiwa kwingine anavipoteza vyote hivyo. Kisha kibwagizo kinaweka ahadi: hata awe mbali kiasi gani, hata akae muda gani, hata atamke maneno gani, atampenda daima. Hilo la maneno halisemwi sana katika nyimbo za mapenzi. Anajua kwamba mtu aliyechoka na aliye mbali hutoa kauli zinazoumiza, naye anaomba msamaha kabla kosa halijatendeka.

Ahadi aliyoiacha nje ni ya kubaki, ile ambayo nyimbo nyingi za harusi huitoa bila kufikiri. Asingeweza kuitoa bila kusema uongo. Nadhani hapa ndipo huzuni ya wimbo inapotoka, na ndiyo inayonifanya niuamini kuliko nyimbo za harusi zilizojaa furaha tupu.

Muziki wenyewe unafanya kazi hiyo hiyo kwa njia yake. Wimbo uko kwenye ngazi ya A maina, aina ya ngazi ambayo masikio mengi huisikia kuwa ya majonzi. Chini ya beti kuna kodi nne, yaani mafungu ya sauti zinazopigwa kwa pamoja, zinazofuatana zikishuka, A maina, G, F na E maina, kama mtu anayeteremka ngazi kwenda chumba cha chini. Zinajirudia bila kutafuta pa kutokea. Kibwagizo kinapofika mwelekeo unageuka: F, kisha G, kisha tunapandishwa kurudi A. Yaani kila anapoeleza hali yake muziki unashuka, na kila anapotoa ahadi muziki unapanda. Jaribu kuusikiliza ukifuata besi ya Simon Gallup peke yake, ukiacha kila kitu kingine, na utahisi mgeuko huo mwilini kabla hujauelewa. Gallup hapigi besi kama nguzo ya kushikilia wengine. Anaimba nayo, na mahali pengine yeye ndiye anayebeba lahani huku gitaa likinyamaza. Ngoma za Boris Williams nazo hazina mbwembwe, zinakwenda mwendo mmoja mpaka mwisho.

Kisha kuna mazingira ya albamu yenyewe. Smith alikuwa anaelekea kutimiza miaka 30, siku aliyoifikia tarehe 21 Aprili 1989, na jambo hilo lilimwandama. Aliamini kwamba wanamuziki wakubwa huwa wametoa kazi yao bora kabla ya umri huo, na yeye alijiona bado. Umaarufu uliokuja na nyimbo nyepesi ulikuwa umemchosha. Ndani ya bendi mambo hayakuwa shwari pia: Lol Tolhurst, rafiki yake wa tangu utotoni na mwanzilishi mwenzake, alikuwa amezidiwa na ulevi, akaondolewa kwenye bendi kabla albamu haijatoka. Smith amesimulia kwamba kampuni yao ya Marekani iliposikia kazi hiyo iliogopa, ikaona bendi inajiua kibiashara.

Haikuogopa bure. Disintegration ni albamu ya mambo yanayobomoka. "Lovesong" ni wa nne. Kabla yake kuna mtu anayekodolea macho picha za mpenzi aliyempoteza, kisha mwingine anayehesabu mapungufu yake usiku. Mbele yake kuna kuchuja kwa mapenzi ya zamani, jinamizi la buibui, mvua, maji ya kina kirefu. Nyimbo kadhaa zinazidi dakika saba, na mmoja unapita tisa. "Lovesong" unakwisha kabla ya dakika ya nne. Ni mfupi na umenyooka, katikati ya kazi ambayo karibu kila kitu kingine kinapinda na kutumbukia. Anayeisikiliza albamu yote kwa mpangilio wake hafiki hapo kama anayefika kwenye huzuni. Anafika kama mtu aliyepata pa kukaa, na ndiyo maana naona ni makosa kuusikiliza wimbo huu peke yake tu, uliong'olewa kwenye albamu yake.

Smith alisema wakati huo kwamba ilimchukua miaka kumi kufika mahali pa kuimba wimbo wa mapenzi ulio wazi bila kuona haya. Kabla ya hapo mapenzi kwenye nyimbo zake yalikuwa yakijificha nyuma ya ndoto na mafumbo. Hata "Just Like Heaven", pamoja na uchangamfu wake wote, unaishia kwa mtu anayeamka peke yake. Ajabu ni kwamba baadaye alisema aliuona "Lovesong" kuwa dhaifu kuliko nyimbo zote za albamu ile, na alishangaa ulivyopasua chati. Mimi naona hakuutendea haki. Wepesi wa maneno yake ndio uliomgharimu zaidi.

Ulipotoka kama singo mwezi Agosti 1989, Smith alikuwa ndio anaondoka tena. Kwa kuwa aliogopa ndege, alivuka Atlantiki kwa meli ya QE2 hadi New York kuanza ziara ya Marekani. Wimbo wa kumwahidi mkewe kwamba umbali hautabadili kitu ulianza kupanda chati za nchi ya mbali wakati mume mwenyewe akiwa huko. Mwezi Oktoba ulifika nafasi ya pili, ukizuiwa na Janet Jackson na "Miss You Much" yake. Nyumbani Uingereza haukupita nafasi ya 18.

Wengine wameuimba tangu hapo, na matokeo yao yananisaidia kuthibitisha ninachodai. Bendi ya Marekani 311 iliurekodi mwaka 2004 kwa mahadhi yanayokaribia rege, kwa ajili ya filamu ya 50 First Dates, hadithi ya mwanamke anayesahau kila asubuhi mwanamume anayempenda. Kwa hadithi kama hiyo ahadi inayorudiwa inafaa sana, na toleo hilo lilishika namba moja kwenye chati ya roki ya kisasa ya Billboard. Lakini jua la ufukweni limeukausha. Ule woga wa mtu anayeondoka haupo, na bila huo maneno yanabaki matamu tu.

Mwimbaji Mwingereza Adele aliuweka kwenye albamu yake iitwayo 21 mwaka 2011, kwa mtindo wa bosanova, muziki wa polepole wa Brazili, na gitaa la taratibu. Mama yake alikuwa shabiki wa The Cure na ndiye aliyempeleka kuwaona jukwaani alipokuwa mtoto. Alirekodi akiwa Malibu, California, na ameeleza kwamba wakati huo alikuwa mpweke, amemkumbuka sana mama yake. Mahadhi ni tofauti kabisa na ya Smith, hakuna kinanda kile wala besi ya Gallup inayotembea, ila wimbo umebaki mzima: aliyeimba alikuwa mbali na nyumbani, na aliyekuwa akiimbiwa moyoni hakuwepo chumbani.