Sukari, saratani na glasi ya maziwa ya ndizi

"Msimpe matunda, sukari inalisha saratani." Ndugu husema hivyo kwa nia njema, na mgonjwa aliye kwenye kemotherapia (matibabu ya saratani kwa dawa) huishia na uji mtupu huku uzito ukipungua.

Dhana hii haikutoka hewani. Katika miaka ya 1920 mwanasayansi Mjerumani, Otto Warburg, aliona kuwa seli za saratani hutumia glukosi (aina ya sukari) kwa wingi kuliko seli za kawaida. Lakini kumnyima mtu ndizi hakuzilazi seli hizo na njaa. Glukosi ya chakulani ikipungua, ini huitengeneza lenyewe, hata kwa protini inayotolewa kwenye misuli. Anayekonda ni mgonjwa, si uvimbe, na akidhoofika sana huenda matibabu yakaahirishwa.

Wataalamu wa lishe hupendekeza gramu 1 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito, kila siku. Mdomo ukiwa na vidonda, kunywa ni rahisi kuliko kutafuna. Saga glasi ya maziwa yaliyochemshwa, ndizi mbivu, vijiko viwili vikubwa vya siagi ya karanga na kipande cha parachichi: hapo kuna takriban gramu 15 za protini. Kinywaji hiki kikiwa baridi, harufu yake haichefui sana. (Soda haina protini, kwa hiyo haichukui nafasi yake.)

Mayai mabichi yaachwe kabisa. Kinga ikiwa chini, yanaweza kuleta maambukizi. Mwenye kisukari au shida ya figo aulize kwanza kliniki anakotibiwa.