Je, Wajua? Kwa Kijapani, "Muda" Maana Yake ni Upotevu

Mtajie Mjapani neno "muda" naye atafikiria kitu kingine kabisa: upotevu, kazi ya bure, jasho lisilozaa kitu. Neno hilo halina undugu na letu, ambalo asili yake ni Kiarabu, lakini matamshi yanakaribiana mno. Na katika viwanda vya Toyota, vita dhidi ya "muda" huo ndivyo vilivyoleta jambo la ajabu: mfanyakazi wa kawaida anapewa kamba ya kusimamisha mstari mzima wa kuunganisha magari. Kwa nini kampuni inayohesabu sekunde ikubali kusimamishwa?

Jibu linaanzia kwenye nguo. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda alikamilisha mashine ya kufuma iliyojizima yenyewe uzi ukikatika. Mashine isiyojizima huendelea kufuma kitambaa kibovu mpaka mtu agundue, kwa hiyo lazima iangaliwe kutwa. Hii yake ilimwachia mfanyakazi mmoja kuhudumia mashine nyingi kwa pamoja.

Mwanawe, Kiichiro, alianzisha kampuni ya magari ya Toyota mwaka 1937, na Taiichi Ohno, aliyeanzia kazi kwenye kiwanda cha nguo cha ukoo huo, akalipeleka wazo hilo kwenye magari. Tuseme boliti ya mkanda wa usalama imeingia kombo. Fundi anavuta kamba iliyo juu yake. Taa ya njano inawaka kuonyesha kituo chake, muziki unalia, kiongozi wa kundi anakuja mbio. Gari linaendelea kusogea hadi alama maalumu. Wakimaliza kabla halijafika, kamba inavutwa tena na kazi haikatiki. Wasipomaliza, mstari unasimama.

Kuinyoosha boliti hiyo palepale ni kazi ndogo. Ikiachwa, itafunikwa, kiti kitafungwa juu yake, na siku kasoro ikigunduliwa itabidi vyote hivyo vifunguliwe kwanza.

Ohno aliorodhesha aina saba za upotevu, mojawapo ikiwa kusubiri. Kwangu mimi hiyo ndiyo inayotuumiza zaidi maofisini. Barua imeandikwa Jumatatu, hadi Alhamisi bado inangoja saini. Watu wanane wameitwa kikaoni saa nne, mwenye kikao anaingia saa tano kasorobo: hapo zimekwenda saa sita za kazi, na hakuna aliyeziandika popote. Aliyechelewa anaona amechelewa dakika 45 tu.

Kamba peke yake haitoshi, na ushahidi uko Fremont, California. Kiwanda cha General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, kilifungwa huko mwaka 1982. Utoro ulikuwa umekithiri, mstari haukuruhusiwa kusimama, na magari yenye kasoro yalisukumwa mbele ili yatengenezwe baadaye. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale, na chama chao kilekile. Baadhi yao walipelekwa Japani kujifunza, na huko waliona jambo wasilolizoea: ukiita, kiongozi anakuja kukusaidia, hakukaripii. Haukupita muda mrefu, magari ya Fremont yakawa miongoni mwa yenye ubora wa juu kabisa katika General Motors. Nasisitiza hili kwa sababu mara nyingi uvivu wa wafanyakazi ndio unaolaumiwa kwanza.

Ohno mwenyewe alianza na viongozi. Alikuwa akichora duara kwa chaki kwenye sakafu ya kiwanda, anamsimamisha meneja ndani yake na kumwambia atazame tu. Anaondoka. Anarudi baada ya saa kadhaa na kumuuliza ameona nini: nani anasubiri, nani anatembea kufuata kifaa ambacho kingekuwa karibu, nini kinarudiwa. Jibu likiwa jepesi, meneja anabaki palepale ndani ya duara.