Sauti nzito ya Boney M haikuwa ya Bobby Farrell

Desemba ikiingia tu, Boney M, lile kundi la disko la miaka ya sabini, wanarudi. Utawasikia madukani, kwenye daladala na matatu, hadi kwa jirani ambaye mwaka mzima hupiga taarabu. Nimekua na nyimbo hizi na bado nazipenda, ndiyo maana naumia nikisikia mtu anapewa sifa ya jasho la mwingine.

Nianze na dhana iliyoenea kuliko zote. Watu wanaamini ile sauti nzito ya kiume kwenye "Daddy Cool" na "Rasputin" ni ya Bobby Farrell, yule mnenguaji mwenye afro aliyekuwa hatulii jukwaani. Ukweli ni kwamba aliyeimba studio ni Frank Farian, mtayarishaji wa muziki kutoka Ujerumani Magharibi. Boney M ilianza kama jina tu, kabla ya kuwa na watu. Mwaka 1975 Farian alitoa wimbo mmoja aliourekodi peke yake, sauti nene na nyembamba zote akiimba mwenyewe, na jina akalichukua kwenye tamthilia ya upelelezi ya Australia iliyokuwa ikionyeshwa kwenye televisheni. Wimbo ukaanza kupendwa Uholanzi na Ubelgiji, vituo vya televisheni vikataka kuwaona waimbaji, na waimbaji hawakuwepo. Ndipo akaanza kuwatafuta.

Kwa hiyo Farrell kwenye televisheni alikuwa akifanya pleibeki, yaani akichezesha midomo tu. Farian mwenyewe alilikiri jambo hilo hadharani mwaka 1978. Maizie Williams, mmoja wa wanawake watatu wa kundi, naye alionekana kwenye kila picha, lakini sauti yake haimo kwenye vibao vile vikubwa.

Hapa wengine hukimbilia kusema kundi zima lilikuwa danganya toto, nami sikubaliani nao hata kidogo. Liz Mitchell na Marcia Barrett waliimba kwelikweli. Sauti inayobeba "Rivers of Babylon" ni ya Liz Mitchell, na hakuna wa kumnyang'anya hiyo. Farrell naye, kwenye maonyesho ya jukwaani, alishika maikrofoni na kuimba mwenyewe. Na tuseme haki: bila yeye kucheza vile, ni wangapi wangekaa mbele ya televisheni kuwatazama? Kashfa inayochanganywa na hii ni ya Milli Vanilli, kundi jingine la Farian huyo huyo. Hao walinyang'anywa tuzo ya Grammy mwaka 1990 ilipojulikana kwamba vijana wawili waliokuwa wakionekana hawakuimba chochote kwenye albamu yao.

Je, Boney M ni Wajamaika? Nusu yao tu. Mitchell na Barrett walizaliwa Jamaika, Williams alizaliwa Montserrat na Farrell alizaliwa Aruba, visiwa vingine vya Karibi. Kundi lenyewe ni la Ujerumani.

Jamaika ina dai lake la haki mahali pengine, na hili ndilo linaloniuma zaidi. "Rivers of Babylon" si wimbo wa Boney M. Ulitungwa na Brent Dowe na Trevor McNaughton wa kundi la The Melodians, ukatoka mwaka 1970 kwa mahadhi ya taratibu ya Kijamaika. Wengi wetu tunauona kama wimbo wa kanisani, na ni kweli maneno yake yametoka Zaburi ya 137 na ya 19. Lakini watunzi waliuandika kama Marasta. Kwao Babeli ni mfumo unaowakandamiza watu weusi, na mfalme anayetajwa mle ni Haile Selassie wa Ethiopia. Boney M walipourekodi mwaka 1978 walibadilisha maneno hayo ya Kirasta, "Mfalme Alpha" akatoka na Bwana akaingia mahali pake, na wimbo ukakubalika kila sebule. "Mary's Boy Child" nao ni wa Jester Hairston, na Harry Belafonte alikwisha kuurekodi mwaka 1956.

Kuhusu Rasputin, yule mganga wa kiroho wa Urusi anayeimbwa, usifanye wimbo kuwa kitabu cha historia. Hakuna ushahidi kwamba alikuwa mpenzi wa malkia wa Urusi. Aliitwa ikulu kwa sababu ya mtoto wa kiume wa mfalme, aliyekuwa na ugonjwa wa damu kutoganda.

Sisi wenyewe tumo katika orodha ya waliosahauliwa. "Malaika", ambao Boney M waliurekodi mwaka 1981, ulikwisha kurekodiwa na Fadhili William wa Kenya na kupelekwa duniani na Miriam Makeba, ingawa ubishi wa nani aliutunga, Fadhili au Adam Salim, haujaisha. Lakini "Jambo Bwana" hauna ubishi wa aina hiyo. Si wimbo wa kienyeji usio na mwenyewe, wala si wa Boney M, waliotoa wa kwao mwaka 1983. Mtunzi ni Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms ya pwani ya Kenya, na ulitoka mwaka 1982. Mtalii akikuimbia ufukweni, mtajie jina hilo.

Dhana ya mwisho ni kwamba disko ilikufa usiku wa tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, pale mtangazaji wa redio Steve Dahl, aliyeichukia disko, alipolipua sanduku la santuri na mashabiki wakavamia uwanja. Haikufa. Mwaka uliofuata wimbo wa disko "Funkytown" ulikaa kileleni Marekani, na hata Queen, bendi ya roki, ilishika namba moja kwa "Another One Bites the Dust", ambao besi yake inatokana na mtindo wa Chic, mabingwa wa disko. Na santuri zilizoletwa usiku ule hazikuwa za disko tu. Vince Lawrence, kijana mweusi aliyekuwa akifanya kazi ya kuwaelekeza watu kwenye viti uwanjani hapo, aliona nyingine zilikuwa za wanamuziki weusi ambao hawakuwahi kupiga disko. Mwaka 1984 yeye na Jesse Saunders, katika mji huohuo wa Chicago, walitoa "On and On", mojawapo ya santuri za kwanza kabisa za muziki wa hausi, mtoto halali wa disko.