Obiti za Mshtarii: ya barazani na yalivyo kweli

Sayari ya Mshtarii (Jupiter) ikionekana inashuka upande wa bahari pale Forodhani, hakosi mtu wa kuleta habari za Juno, chombo cha Marekani kilichofika huko Julai 2016. Mengi yanayosemwa si uongo mtupu, ila yamepinda.

"Wangekiweka karibu, kikae hapo hapo kikipiga picha." Kikae kife! Mshtarii imezungukwa na mikanda ya mnururisho (mionzi) mkali mno, na chombo kikiselelea humo mitambo yake ya elektroniki huharibika. Ndiyo maana Juno ikapewa obiti, yaani njia ya kuizunguka sayari, iliyo ndefu, iliyovutwa kama yai, inayopita juu ya ncha zote mbili. Hushuka penye mwanya kati ya sayari na mikanda hiyo, hupita kilomita elfu chache tu juu ya mawingu kwa kasi ya karibu kilomita 58 kwa sekunde, na kwa muda wa saa mbili hivi huwa imetoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini. Kisha hukimbilia mbali kwa wiki kadhaa. Na bado mitambo muhimu imefungiwa ndani ya sanduku la titani.

"Injini iliharibika, kazi ikafa." Valvu za gesi ya heli za injini hiyo zilitia wasiwasi kweli, na mwaka 2017 iliamuliwa injini kubwa isiwashwe tena. Obiti ikabaki ya siku 53 kwa kila mzunguko badala ya 14 zilizokusudiwa. Lakini vipimo vikuu huchukuliwa inaposhuka, na kushuka ni kule kule. Kilichopungua ni haraka. Kwangu mimi, huo ulikuwa uamuzi wa watu wazima.

Gharama ya uamuzi huo ilikuja Novemba 2019: Juno, inayoishi kwa sola, ingepita kivulini mwa Mshtarii kwa muda wa saa 12. Ingeganda kwa baridi. Wiki kadhaa kabla, vijiroketi vyake vidogo viliwashwa kwa saa 10 na nusu, ikakikwepa kivuli.

"Obiti haibadiliki ila kwa mafuta mengi." La hasha. Juni 2021 Juno ilipita karibu na Ganymede, mmoja wa miezi ya Mshtarii, mvuto wa mwezi huo ukaifupisha obiti hadi siku 43. Mwezi mwingine, Europa, ukafuata mwaka 2022: siku 38. Mwezi wa Io nao ukaishusha hadi 33.

Na zile picha za mawingu mnazotumiana kwenye simu? Kamera yake iliwekwa hasa kwa ajili ya umma. Lakini obiti yenyewe ilipangwa kwa kupima mvuto, usumaku na yaliyomo chini ya mawingu.